UMEME UNAOPOTEA KATIKA MATANGI YA MAJI MOTO

Watumishi wa Serikali na wananchi wenye hita za maji majumbani wanakumbushwa kwamba tangi la maji moto hutumia umeme hata siku ambayo hakuna mtu aliyeoga. Joto hupenya polepole kupitia ukuta wa tangi na mabomba yake. Maji yakipoa kidogo, kidhibiti joto huwasha umeme tena, usiku na mchana.

Mji wa Kigoma Ujiji, ulio kando ya Ziwa Tanganyika, ni mfano ufaao kuzingatiwa na sisi wa Visiwani, ambao sehemu kubwa ya umeme wetu hupitia waya wa chini ya bahari. Kwa miaka mingi, kabla ya Mkoa wa Kigoma kuanza kupata umeme wa Gridi ya Taifa mwaka 2022, umeme wa mji huo ulifuliwa kwa majenereta ya dizeli. Nyumba iliyoacha hita ikiwaka usiku kucha ilikuwa ikichoma dizeli ili kupasha hewa ya chumba.

Hasara hiyo inahesabika. Tangi la lita 80 likipoa kutoka nyuzi 60 za Sentigredi hadi 50, limepoteza takriban uniti 1. Likipoa hivyo kila usiku na kupashwa upya, kwa mwezi ni uniti 28 hivi, ambazo hazikumwosha mtu yeyote.

Wapo wanaoamini, hata maofisini, kwamba kuzima hita na kuiwasha upya hula umeme mwingi kuliko kuiacha. Imani hiyo si sahihi. Kadiri maji yanavyoizidi hewa kwa joto, ndivyo joto linavyotoka kwa kasi. Maji yaliyoachwa yapoe hupoteza kidogo zaidi na zaidi kila saa ipitayo. Yanayopashwa bila kukoma hubaki kwenye hasara ya juu kabisa, mithili ya birika la chai lisilotoka jikoni ilhali chupa ya chai ipo.

Hita ya wati 1,500 huhitaji zaidi ya saa 2 kupasha lita 80 zilizopoa kabisa, hivyo iwashwe mapema. Tangi kuukuu na bomba litokalo humo vivishwe kizuia joto na fundi umeme, bila kufunika swichi. Kidhibiti joto kisishushwe chini ya nyuzi 60, kwani maji ya uvuguvugu hukuza vijidudu viletavyo ugonjwa wa mapafu.