Picha za ndoa: Kusawazisha rangi ya ngozi si kumgeuza mtu kuwa mweupe

Uso rangi moja, shingo rangi nyingine, mikono rangi ya tatu. Ni malalamiko yanayojulikana vizuri katika studio za picha, kuanzia Goma na Bukavu hadi Lubumbashi, pale familia zinapokuja kuchukua albamu ya ndoa. Kompyuta inaweza kurekebisha kasoro hiyo kwa dakika chache. Lakini kompyuta hiyo hiyo, ikiwa mikononi mwa mtu mwenye haraka, inaweza kumtoa bibi harusi ambaye hata mama yake mzazi atamtazama mara mbili kabla ya kumtambua.

Kati ya kurekebisha picha na kumbadilisha mtu kuna mpaka, na si kila fundi anaujua.

Kasoro inatoka wapi?

Kwanza, ngozi ya binadamu haina rangi moja mwili mzima. Kwa watu weusi, mara nyingi paji la uso, sehemu ya kuzunguka mdomo na chini ya macho huwa nyeusi zaidi kuliko mashavu, wakati viganja ni vyeupe. Tunapozungumza na mtu ana kwa ana hatuoni tatizo, kwa sababu ubongo wetu unasawazisha wenyewe. Kamera haina huruma hiyo. Inaandika kila kitu jinsi mwanga ulivyokigonga.

Pili, ni mwanga wenyewe. Mji wa Goma uko chini ya digrii 2 kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua linakaribia kusimama juu ya kichwa. Paji la uso na pua vinang'aa, macho yanazama gizani. Ardhi ya mawe meusi ya volkano hairudishi mwanga wowote wa maana kuelekea kidevuni. Gauni jeupe la bibi harusi, kwa upande wake, linarudisha mwanga mwingi, na kikwembe cha kijani au chekundu cha msimamizi kinatupa rangi yake kwenye shavu la jirani. Ndani ya ukumbi mambo ni magumu zaidi: upande wa dirisha uso una ubuluu, upande wa taa una umanjano, na chini ya turubai la buluu wageni wote wanaonekana kama wagonjwa.

Tatu, ni kamera. Kipima mwanga chake kimetengenezwa kikitarajia kwamba picha, kwa wastani, ni ya kijivu. Gauni jeupe likijaza fremu, kamera inadhani mwanga umezidi na inaupunguza. Gauni linatoka vizuri, uso unatoka mweusi tii. Fundi akija kuupandisha mwanga wa uso huo kwenye kompyuta, sehemu za giza zinatoa chembechembe na madoa mekundu na ya kijani ambayo hayakuwa kwenye ngozi ya mtu.

Tatizo lenye historia

Si bahati mbaya kwamba ngozi nyeusi imekuwa ikisumbuliwa na picha za rangi. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilisambaza kwa maabara za kuchapa picha kadi ya mfano yenye sura ya mwanamke mzungu. Mafundi waliiita "Shirley". Mashine zilirekebishwa mpaka ngozi ya Shirley itoke vizuri, na wengine wote walipimwa kwa kipimo chake. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, nchini Kanada, aliichambua historia hiyo katika makala ya mwaka 2009. Alieleza kwamba miongoni mwa walioisukuma kampuni kuboresha filamu zake walikuwa watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti, ambao hawakuridhika na jinsi rangi za kahawia zilivyotoka. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilianza kuonekana katika miaka ya 1990.

Enzi ya filamu imepita, lakini tabia haijapotea. Simu nyingi zina kichujio cha "urembo" kinacholainisha ngozi na kuing'arisha, mara nyingine bila mwenye simu kukiwasha. Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitoa simu ya Pixel 6 ikiwa na mfumo inaouita Real Tone, uliotengenezwa ili ngozi nyeusi itoke jinsi ilivyo. Mwaka uliofuata ilitangaza pia kipimo cha rangi 10 za ngozi, kilichobuniwa na mwanasosholojia Ellis Monk wa Chuo Kikuu cha Harvard.

Kazi inaanza na mwanga

Kosa la kwanza la mafundi wengi ni kukimbilia kupandisha mwanga wa uso mzima. Utaratibu mzuri unaanza kwingine.

Hatua ya kwanza ni kusawazisha rangi ya mwanga. Fundi anatafuta kwenye picha kitu anachojua kuwa ni cheupe au cha kijivu, kwa mfano kola ya shati la bwana harusi, na kuifanya programu ikichukue kama kipimo. Hapo ubuluu wa dirisha au umanjano wa taa unapungua. Mpiga picha aliyehifadhi picha katika mfumo wa RAW ana nafasi kubwa zaidi hapa, kwa kuwa faili hilo linabeba habari zote za kamera, tofauti na JPEG ambayo imeshabanwa.

Hatua ya pili ni mwanga wa uso. Unapandishwa kidogo, usoni tu, bila kugusa gauni. Hatua ya tatu ndiyo ya rangi yenyewe, na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii: ngozi za watu wote, mweusi, mzungu au Mhindi, zikipimwa kwenye duara la rangi zinaangukia karibu na mstari mmoja, kati ya nyekundu na manjano. Kinachotofautiana zaidi ni kiasi cha weusi na ukali wa rangi.

Maana yake ni kwamba shingo iliyotoka kijivu na mashavu yaliyotoka mekundu vinaweza kurudishwa kwenye mstari mmoja bila kumfanya mtu awe mweupe hata kidogo. Namna rahisi katika Photoshop ni kufungua tabaka jipya, kuliweka katika hali ya kubadilisha rangi tu, kuchukua rangi ya sehemu ya uso iliyotoka vizuri, kisha kupaka taratibu kwa brashi laini yenye nguvu ya asilimia 10 hadi 20. Mwanga na vivuli vya uso vinabaki palepale, pamoja na vinyweleo vya ngozi. Capture One nayo ina kifaa maalumu cha kukaribisha rangi za ngozi.

Namba pia zinasaidia macho yaliyochoka. Kwenye ngozi iliyotoka vizuri, nyekundu huwa juu, kijani inafuata, buluu inakuwa chini. Buluu ikiikaribia au kuipita kijani, mtu anaonekana wa zambarau au kama amepakwa majivu.

Uso na vidole vinapogombana

Kuna kasoro ambayo haikuletwa na mwanga. Watu wanaojichubua kwa mafuta makali huwa na uso mweupe na vifundo vya vidole vyeusi. Mafuta yenye hydroquinone yakitumiwa muda mrefu yanaweza kuleta ugonjwa wa ngozi unaotia weusi wa kudumu katika sehemu zilizopakwa. Yenye zebaki yanaharibu figo.

Mbele ya picha ya namna hiyo, fundi anakutana na swali ambalo programu haiwezi kulijibu: asawazishe kwa kufuata rangi ipi, ya uso au ya mikono? Jibu la heshima ni kumuuliza mwenye picha, tena kabla ya kuanza kazi, kwa faragha, si mbele ya wakwe. Ni uso wake, na ni yeye atakayeishi na albamu hiyo. Akitaka aonekane mweupe zaidi, fundi anaweza kumwonyesha matoleo mawili kando kwa kando, mwenyewe achague, huku picha ya asili ikihifadhiwa.

Kwa picha ya pasipoti hakuna uchaguzi. Kanuni za kimataifa za hati za kusafiria zinataka rangi ya ngozi ionekane ya asili, bila vivuli usoni. Mtu aliyeng'arishwa kwenye hati anaweza kujikuta akieleza sura yake mbele ya afisa wa mpakani.

Kuna sababu nyingine ya kuwa mwangalifu, ambayo hakuna anayependa kuitaja siku ya furaha. Katika familia nyingi, picha ya ndoa ndiyo picha nzuri kuliko zote ambazo mtu amewahi kupigwa. Siku ya matanga, ndiyo inayokatwa, kukuzwa na kuwekwa juu ya jeneza. Watoto na wajukuu watamjua mtu huyo kwa picha hiyo. Haifai wakute hapo sura ya mtu ambaye hakuwahi kuishi nyumbani kwao.