Kutoka panya wa maabara hadi Kigali: safari ya jeni moja katika kuisaka chanjo ya VVU

Mwezi Mei 2022 lilitangazwa jaribio la chanjo ya VVU kwa watu wazima wenye afya njema, hapa Kigali na Afrika Kusini. Jaribio hilo, G003 la shirika la IAVI na kampuni ya Moderna, lilikuwa na watu 18 tu waliojitolea. Kabla yao walitangulia panya, tena si panya wa kawaida.

VVU hujigeuza kila mara, hivyo kingamwili nyingi huvizuia virusi vya aina moja na kuvikosa vingine. Lakini wachache miongoni mwa wanaoishi na VVU kwa miaka mingi hutengeneza kingamwili zinazozima aina nyingi kwa pamoja, zikiwemo za kundi la VRC01. Chimbuko lake ni seli B ambazo ni adimu mno mwilini. Chanjo iliyojaribiwa, eOD-GT8, iliyobuniwa na timu ya William Schief wa taasisi ya Scripps, Marekani, ina kazi moja: kuziamsha seli hizo. Kuzikomaza ni kazi ya chanjo nyingine zitakazofuata.

Seli hizo hutumia jeni ya binadamu iitwayo IGHV1-2, na panya hana jeni inayoweza kushika nafasi yake. Ukimdunga panya wa kawaida chanjo hii, hakuna seli ya kuitikia wito. Ndiyo maana wanasayansi huingiza jeni za kingamwili za binadamu katika seli za kiinitete cha panya. Atakayezaliwa ni panya kwa kila hali, ila kingamwili zake hujengwa kwa ramani ya binadamu. Mwaka 2016 watafiti waliwachanja panya wa namna hii wa kampuni ya Kymab ya Uingereza, na seli zilizotafutwa zikaamka katika baadhi yao.

Ndipo zamu ya binadamu ikafika. Katika jaribio la G001 nchini Marekani, watu 35 kati ya 36 waliochanjwa waliitikia. Yule mmoja alikosa nakala za IGHV1-2 zinazofaa, kwa kuwa jeni hiyo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Hapo ndipo ushahidi wa panya unapokoma: yeye hubeba nakala alizowekewa maabara, sisi tunabeba tulizorithi kwa wazazi wetu.

Kwa hiyo swali la Kigali lilikuwa zito: je, miili ya Waafrika itaitikia? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kuwa asilimia 94 ya washiriki wa G003 waliitikia. Hata hivyo, baadhi ya waliopewa chanjo za aina hii walipata vipele vya kuwasha, na usalama unaendelea kuchunguzwa.

Chanjo kamili bado haijapatikana; kondomu, kupima na dawa za kinga zisiachwe. Lakini itakapofika, isiwe chanjo iliyopimwa kwa damu za wengine kisha tukaletewa. Wale 18 wamelipigania hilo kwa damu yao wenyewe.