Fahamu: Ubongo na hulka ya mwanamichezo chipukizi

Kinachopimwa
Elektrodi hubandikwa kichwani kunasa mawimbi ya umeme hafifu wa ubongo. Mjerumani Hans Berger alichapisha ripoti ya kipimo hiki kwa binadamu mwaka 1929.

Hulka inaingiaje?
Watafiti hulinganisha mawimbi hayo na majibu ya dodoso kuhusu wasiwasi, uthubutu au nidhamu. Uhusiano unaopatikana mara nyingi ni dhaifu, hautoshi kuchagua mchezaji. Badala yake, uthubutu huonekana uwanjani: mwanariadha wa Tanzania Filbert Bayi, akiwa na miaka 20, aliongoza mbio za mita 1,500 mwanzo hadi mwisho huko Christchurch, 1974, akavunja rekodi ya dunia.

Kwa nini shule za Kaisho, mkoani Kagera, zijali?
Sehemu ya mbele ya ubongo, inayodhibiti pupa, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Kwa hiyo, kumwita mwanafunzi wa UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) mwoga kwa sababu alibabaika kwenye mstari wa kuanzia ni kumwonea.