Cheche na Majira Yake katika Pikipiki za Zamani

Wasikilizaji wetu, yeyote aliyepata kupiga kiki pikipiki kuukuu ya Kiingereza ajua kwamba mara nyingine ile kiki humrudia. Mwenzetu mmoja, mwalimu kama sisi, aliikanyaga kwa nguvu zake zote, na chuma kikaruka juu ghafula kikampiga kifundo cha mguu. Majuma matatu alitembea kwa mkongojo, na wanafunzi wakanong'onezana kwamba pikipiki ile ina pepo. Pepo hakuwamo. Cheche ilitoka kabla ya majira yake, nasi jioni hii twataka kueleza majira hayo ni nini.

Ndani ya silinda pistoni hupanda ikishindilia hewa iliyochanganyika na mvuke wa petroli. Karibu na kilele, plagi hutoa cheche, mvuke huwaka, na nguvu ya moto huisukuma pistoni chini. Wengi hudhani kwamba cheche hutoka pistoni ifikapo kileleni hasa. Sivyo. Moto hauenei mara moja. Huanzia kwenye plagi na kutambaa, kama moto wa nyasi kavu uliowashwa pembeni mwa shamba. Kwa hiyo hapana budi cheche itangulie, ili msukumo mkubwa upatikane pistoni ikiisha kuanza kushuka.

Na itangulie kwa kiasi gani? Tufanye hesabu kidogo. Tuseme moto wahitaji sehemu 2 katika 1,000 za sekunde moja. Injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, katika muda huo mhimili wake hugeuka digrii 12. Ikizunguka mara 3,000, hugeuka digrii 36 katika muda ule ule. Basi cheche iliyo sawa kwa mwendo wa polepole imechelewa mno kwa mwendo wa kasi. Na ile ya mwendo wa kasi, ukiitoa wakati wa kupiga kiki, humvunja mtu mguu.

Wazee walilitatua jambo hili kwa mkono. Mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa Robert Bosch mjini Stuttgart, alitengeneza magneto itoayo umeme mkali kwa sumaku na waya tu, bila betri. Pikipiki nyingi za baadaye zilikuwa na kishikio kidogo kwenye usukani: mpandaji alikirudisha nyuma ili cheche ichelewe wakati wa kuwasha, kisha akakisogeza kadiri mwendo ulivyozidi. Mwenzetu alikisahau kishikio hicho. Baadaye kazi hiyo ikapewa vipande viwili vya chuma vyenye springi, ambavyo hutanuka vikizungushwa kwa kasi na kuivuta cheche mbele.

Twaa mfano wa Triumph Bonneville ya silinda mbili, iliyoanza kuuzwa mwaka 1959 ikiwa na magneto. Tangu mwaka 1963 ilitumia betri na koili, na platini seti mbili, kila silinda yake. Mwanya wa platini ni inchi 0.015, na cheche ikitangulia kabisa ni digrii 38 kabla ya kilele. Hapo ndipo taabu ilipo. Kisigino cha platini hulika, mwanya hupungua, na cheche huchelewa. Springi hulegea, cheche ikawahi. Silinda moja husema hivi na ya pili vile. Cheche ikichelewa, injini hukosa nguvu na bomba la moshi huungua likawa buluu. Ikitangulia mno, injini hugonga kama nyundo, nayo pistoni yaweza kutoboka.

Ndiyo sababu wengi wanaotunza pikipiki hizi wameondoa platini na kutia cheche ya kielektroniki. Sumaku ndogo huzunguka mbele ya koili mbili. Koili hupeleka habari kwenye kisanduku chenye transista, nacho hukata umeme na kuitanguliza cheche chenyewe. Hakuna kinacholika. Ni kazi njema, lakini kisanduku hakijui pistoni iko wapi. Chajua tu mahali fundi alipoifunga ile sumaku. Tena vile vyuma vya zamani vyenye springi huondolewa, la sivyo cheche itatangulizwa mara mbili.

Kwa maoni yetu, magneto nzima isiguswe, maana hufanya kazi hata betri ikifa. Penye platini na koili, mageuzi yafaa, mradi betri iwe nzima. Betri ikiwa dhaifu, baadhi ya visanduku hutoa cheche ovyo na kiki hurudi kama zamani.

Fundi wa platini huweka karatasi ya sigara katikati yake na kuivuta taratibu. Inapoachia, platini zimeanza kufunguka, naye atazama kama pistoni iko mahali pake. Kwa kisanduku, karatasi haina kazi. Atumie taa ya kumweka, injini ikizunguka kwa kasi hata cheche isizidi kutangulia, na alama ya digrii 38 ionekane imesimama tuli mbele ya kielekezo. Ikiwa haijafika au imepita, azime injini, alegeze sahani ya koili, aisogeze kidogo, kisha atazame tena.