Likizo kwa Babu na Bibi: Ni Nani Apumzikaye?

Shule zinapofungwa mwisho wa mwaka na upepo wa kaskazi ukaanza kuvuma, stendi za mabasi za Mombasa hujaa akina mama waliopakata watoto, na mabunda ya nguo miguuni mwao. Wengine waelekea Malindi na Mambrui, wengine Vanga, na wengine, kama tulivyokuwa sisi kwa miaka mingi, waelekea Amu. Ukiwauliza waendako, aghalabu jibu ni moja: twaenda kupumzika kwa wazee. Neno hilo, kupumzika, ndilo tunalotaka kulizungumza juma hili. Sisi wenyewe tulilitamka kila mwaka bila ya kulitafakari, hata tulipokuja kulielewa, mtu wa kuombwa radhi alikuwa ameshazikwa.

Ni zaidi ya miaka 20 sasa. Tulikuwa na watoto watatu, mkubwa ana miaka minane na mdogo angali ananyonya. Tukiondoka baada ya sala ya Alfajiri. Safari ile ni zaidi ya kilomita 300, na wakati huo barabara ya kutoka Garsen kupita Witu ilikuwa ya vumbi na mashimo. Vizuizi vya ukaguzi vilikuwa vingi, watu washushwe na vitambulisho mikononi, wapande tena. Watoto walitapika, wakalala, wakaamka, wakauliza kama tumefika. Huko Mokowe barabara huishia majini, nasi tukashuka na mizigo yetu kupanda mashua. Mji wa Amu ulipoanza kuonekana, watoto walisahau kila taabu, kwani walijua kuwa babu yao amesimama gatini na bakora yake. Alikuwa amesimama pale tangu Adhuhuri, mashua baada ya mashua. Wakimrukia, wakimbusu mkono, naye akiwabusu vipaji vya nyuso mmoja mmoja, mkubwa hata mdogo.

Tukiiona hali ile tukikumbuka kisa cha al-Aqra' bin Habis, aliyemwona Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, akimbusu mjukuu wake Hasan, akastaajabu na kusema kuwa yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Jibu alilopewa mwalijua: asiyehurumia hahurumiwi. Tukikumbuka pia Umama binti wa Zainab, mjukuu wa kike, aliyebebwa na Mtume ndani ya sala, akiwekwa chini wakati wa kusujudu na kuinuliwa wakati wa kusimama. Dini yetu haikuuona upenzi wa babu kwa mjukuu kuwa ni upuzi wa uzeeni.

Basi tukikaa wiki tatu. Amu ni mji wa vichochoro visivyopita magari. Hatari kubwa ya mtoto njiani ni kukanyagwa na punda, na punda wenyewe wana adabu kuliko madereva wa matatu. Kwa hiyo tuliwaachia watoto wazurure. Mama yetu huwa ameshaketi juu ya mbuzi anakuna nazi kabla jua halijatoka. Asubuhi ni mahamri na mbaazi, mchana ni wali na samaki wa kupaka, jioni ni mkate wa sinia au kaimati. Watoto wakiomba biskuti, babu huingiza mkono mfukoni au humtuma mmoja wao dukani. Sisi tulikula, tukaswali, tukaketi madakani na wenzetu tuliosoma nao madrasa, kisha tukalala kailula ndefu.

Hapa na tuseme jambo moja la fikihi, maana akina mama wengi hutuuliza na likizo imekaribia. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, aliyehamisha makao yake Mombasa ni msafiri hata ndani ya nyumba ya wazazi wake. Lakini akinuia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, basi ruhusa ya kupunguza sala imekwisha tangu afikapo, naye huswali kamili. Wiki tatu za kwa bibi hazina kupunguza wala kukusanya.

Turudi nyumbani kwa wazee. Baba yetu alikuwa mshona kofia. Kofia ya kazi ya mkono yataka macho na subira, na moja humchukua miezi miwili na ushei. Kazi yake aliifanya baada ya Adhuhuri, kwenye mwanga wa ua, baada ya kupumzika kidogo. Watoto walipokuja, mapumziko hayo yaliondoka, na kofia ikapandishwa juu ya kabati isichezewe na sindano zisiwachome. Kwa wiki tatu hakushona. Tuliliona hilo na tukadhani kuwa anafurahia likizo kama sisi. Tuliona pia kuwa huwatambua wajukuu zake kwa sauti zao kabla ya kuwatambua kwa nyuso, tukalichukulia kuwa ni mzaha wake.

Mama naye miguu ilikuwa imevimba. Tuliposema apumzike alijibu kuwa ni kawaida. Siku moja yule mtoto wetu wa kati alikutwa na kidonge cha presha cha bibi yake mkononi, amekiokota kutoka kwenye kisahani kilichokuwa kando ya kitanda, akidhani ni peremende. Alhamdulillahi alikuwa hajakitia kinywani. Ndipo tulipotambua kwamba mama anatumia dawa za presha, na kwamba kwenye simu kwa mwaka mzima alituambia yu salama. Tangu siku ile, nyumba yoyote ya wazee tuingiayo na watoto, saa ya kwanza ni ya kuizunguka. Dawa hupandishwa kwenye kidaka cha juu. Mafuta ya taa hutolewa kwenye chupa ya soda. Birika la chooni, lile lenye samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, hufunikwa kwa ubao mzito. Nyumba ya wazee imepangwa kwa watu wazima wawili wanaojua kila kitu kilipo, wala si kosa lao kwamba mtoto wa miaka mitatu hajui.

Baba yetu aliondoka duniani mwezi wa Oktoba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kama ilivyo ada, kabla ya kuswaliwa jeneza lilitangazwa kuwa mwenye kumdai marehemu na awaone warithi. Hakuna aliyesema kitu. Siku ya nne baada ya Isha, mwenye duka la mtaani alikuja kwa haya, ana daftari chini ya kwapa. Akatuomba tuketi naye kando.

Daftari lile tungali tunaliona. Kurasa za jina la baba yetu zilikuwa chache, na zote zikianza Desemba. Unga wa ngano kilo 10. Sukari kilo 6. Maziwa ya unga, makopo mawili. Mchele. Biskuti. Biskuti. Biskuti. Kisha chini yake malipo madogo madogo, shilingi 100 hapa, 200 pale, kuanzia Januari hadi Julai au Agosti, na mara mbili mwenye duka alikuwa ameandika: kofia moja. Miezi mingine baba yetu hakukopa hata kiberiti. Deni la Desemba ya mwisho lilikuwa halijamalizika.

Mwenye duka alisema kuwa hakuja kudai. Alikuwa ameshasamehe, ila alitaka warithi wajue kuwa limesamehewa, ili marehemu asije akafungika kwa deni hilo. Tulimuuliza kwa nini hakutuambia miaka yote ile, nasi tulikuwa tukipita mbele ya duka lake kila siku. Alisema, "Mzee alinambia, hawa ni wageni wangu, usiwaoneshe daftari." Tulimlipa. Alikataa, tukamwekea mkononi.

Tulipoingia ndani tulimuuliza mama kama alijua. Alisema, "Mungelijua mungeliacha kuja."

Msomaji huenda akasema kuwa mgeni ana haki yake katika Uislamu, na ni kweli. Mafunzo ya Mtume yameweka ukarimu wa mgeni kuwa siku tatu, na yaliyozidi hapo ni sadaka. Lakini katika mafunzo hayo hayo mgeni amekatazwa kukaa kwa mwenyeji wake mpaka amtie dhikini. Tumeisomesha hadithi hiyo mara nyingi tu msikitini. Wala haya ya wageni si mwisho wa maneno, kwani wanazuoni wetu wa Kishafi wameliweka wazi jambo zito zaidi: wazazi wakiwa mafukara na mtoto ana uwezo, nafaka yao ni wajibu juu yake. Yaani chakula chao na mavazi yao na dawa zao ni juu yetu. Sisi tulikuwa na mshahara Mombasa, na mtu ambaye ulishaji wake ulikuwa juu ya shingo zetu alikuwa akikopa kutulisha, kisha akilipa kwa macho yake.

Hatusemi watu wasiende. Mama alijua alilolisema: wazee wengi wataficha maradhi na madeni yao mradi mlango ugongwe na wajukuu. Anayekata safari kwa kuwahurumia huwa amewanyima kile walichokuwa tayari kukikopea. Lakini kwenda na mikono mitupu, kwa madai kwamba "kwa mama hakuna hesabu", hilo tunalipinga. Hesabu ipo, imeandikwa kwenye daftari la mtu mwingine.

Namna ya kutoa ndiyo ngumu, na hilo tumelijua tulipokuwa sisi ndio mababu. Desemba iliyopita binti yetu, yule aliyekuwa akinyonya safarini, alitutumia pesa kwa simu siku 10 kabla ya kuja na watoto wake, na ujumbe kuwa ni za maziwa ya watoto. Tulichukia. Tulijiuliza kama ameona kuwa tumeshindwa kumpa mjukuu wetu kikombe cha maziwa, na tukataka kuzirudisha. Mama watoto alitutazama tu, akauliza kama tumelisahau daftari. Basi maziwa yakanunuliwa, na zilizobaki zikaingia kwenye unga na mchele, wala hakuna aliyelitaja neno lile tena. Binti yetu alipofika aliingia jikoni kabla ya kuvua buibui.

Alikuwa na jambo jingine pia ambalo hatukumfunza. Kila baada ya Adhuhuri aliwakusanya watoto akawapeleka kwa shangazi yao, nyumba ikanyamaza, nasi tukalala. Mdogo wao wa kike, ana miaka minne, alikuwa akikataa kwenda. Alikubaliwa kubaki kwa sharti aketi kimya kizingitini mpaka tuamke. Naye aliketi. Tukishatawadha na kusimama kuswali sunna ya kabla ya Alasiri, husubiri tusujudu, kisha hupanda mgongoni.