Nani Atangulie Kupatana?

Mbuzi wa jirani wameingia shambani mwetu, wamekula muhogo. Tumetukanana, sasa twapishana kisimani bila salamu, na kila mmoja amngoja mwenzake atangulie. Kungoja huko kwaharibu kijiji kuliko mbuzi.

Katika Injili ya Matayo, sura ya 5, Bwana Yezu atuagiza hivi: tukikumbuka mbele ya altare kwamba ndugu yetu ana neno juu yetu, tuiache sadaka, twende kwanza kupatana naye. Angalieni, hakuuliza kosa ni la nani.

Mwenye heri Isidore Bakanja, kijana wa Kongo, alipigwa mijeledi na mzungu mwaka 1909 kwa ajili ya skapulari yake. Alimsamehe vidonda vikiwa bado wazi mgongoni, akaahidi kumwombea. Kisha akafa kwa vidonda hivyo.

Muhogo ulioliwa na ulipwe. Mapendo hayafuti haki. Lakini kesho kisimani tuseme sisi kwanza: “Jambo, ndugu.” Habari ya mbuzi tutaizungumza jioni, tumeketi pamoja mbele ya wazee.