Kosa Lisemwe kwa Lugha Inayoeleweka

Adhabu haiwi ya haki mpaka kosa litangulie. Na kosa haliwi kosa mpaka amri iwe imefahamika. Kila mwalimu anaijua kanuni hii. Ndiyo pia iliyomo katika Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 kuhusu mateka wa vita.

Kifungu cha 41 kinaagiza kwamba kanuni na amri za kambini zitolewe kwa lugha ambayo mateka wanaielewa. Kifungu cha 96 kinataka mshtakiwa aelezwe kosa lake bayana, ajitetee, aite mashahidi na, ikihitajika, apewe mkalimani. Aidha, adhabu ya nidhamu haizidi siku 30.

Hebu sasa tuitazame Guantánamo, gereza la kijeshi ambalo Marekani ililifungua nchini Kuba mnamo Januari 2002. Mwezi uliofuata, Rais George W. Bush aliamua kwamba wafungwa wa huko hawakuwa mateka wa vita. Jina lilipoondolewa, kinga za mkataba huo zikaondoka nalo.

Kisha ukaja msamiati mpya. Jaribio la kujiua liliweza kuandikwa kuwa ni kujidhuru kwa hila. Mahabusu watatu walipofariki Juni 2006, kamanda wa gereza alisema kuwa hicho kilikuwa kitendo cha vita. Na baada ya mgomo wa kula wa 2013, ulioshirikisha mahabusu zaidi ya 100, jeshi lilianza kuuita mgomo wa namna hiyo mfungo wa muda mrefu usio wa kidini. Mwanafunzi wa lugha ataitambua hila hiyo: mgomo una mdai na mdaiwa, mfungo hauna mdaiwa.

Ni kweli kwamba baadhi ya mahabusu waliwarushia askari vinyesi, na hilo ni kosa popote pale. Walinzi nao wana haki ya kulindwa. Lakini kumweleza mtu kosa lake na kumsikiliza hakumpi silaha.

Wala haya si ya mbali. Mkenya mmoja aliyekamatwa Mombasa mwaka 2007 alizuiliwa Guantánamo hadi Desemba 2024 bila kufunguliwa mashtaka. Mkataba unampa mateka aliyevunja nidhamu siku 30; mwenzetu huyu, ambaye hakuwahi kutajiwa kosa mbele ya mahakama, alikaa zaidi ya miaka 17.

Walimu na wanafunzi wenzangu, tunapofundisha maana ya maneno, tusidhani tunafundisha sarufi tu.